Asante kwa Msaada Ambao Hukunipa

Ofisi ya Diwani,
Mlango wa pili kushoto, ukishapita ndoo ya kuzimia moto isiyo na mchanga.

Ndugu Mwandishi wa Habari, mgeni wetu mpendwa,

YAHUSU: SHUKRANI KWA KUNISAIDIA KUSHINDA UCHAGUZI, PAMOJA NA OMBI LA KUANDIKA KWAMBA HUKUNISAIDIA

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na kamera yako na ile miguu yake mitatu. Sisi huku hatujambo, wazima wa afya, ila lile kochi la watu watatu ulilokuwa ukilikalia mbele ya karakana yangu limechukuliwa na mahakama kama ushahidi. Nitafika huko.

Mimi ndiye yule fundi makochi uliyenizoea kwa jina la Sponji. Siku hizi naitwa Mheshimiwa Diwani. Mtaani bado naitwa Sponji, na nyumbani siitwi kitu, natumwa tu. Nakuandikia kwa furaha na kwa hofu, vyote kwa mkupuo mmoja. Furaha ni kwamba nilishinda. Hofu ni kwamba nimeshtakiwa kwa kushinda.

Yule niliyemshinda, diwani wa zamani, ambaye kata nzima tunamwita Njoo Kesho kwa kuwa hilo ndilo jibu pekee alilotupa tangu aingie ofisini hadi anatolewa, amefungua kesi ya kupinga matokeo. Anasema nilibebwa na mgeni. Mgeni huyo ni wewe. Kesi itasikilizwa mwezi ujao, na wakili wangu ameniambia dawa ni moja tu: uandike kwa mkono wako kwamba hukunisaidia kwa lolote. Hakimu asiporidhika, kiti kinarudi kwa Njoo Kesho, na ule mtaro tunaouchimba kuelekea nyumbani kwa shangazi yangu unabaki nusu shimo nusu ahadi. Na mawingu ndiyo hayo yanajikusanya.

Mke wangu alinishauri niandike ombi peke yake, mistari miwili, nitie sahihi, nikalale. Nikamwambia mimi sikulelewa hivyo. Hata ukienda kwa jirani kuomba chumvi, unaanza kwa kumshukuru kwa ule ungo aliokuazima. Kwa hiyo nitakushukuru kwanza, kikamilifu, bila kuficha kitu, kisha nitakuomba uyakane yote. Nilikusudia kuweka shukrani upande huu na malalamiko upande ule, lakini kila nikikalia shukrani, lalamiko linanichoma kutoka chini kama springi ya kochi bovu. Yasome hivyo hivyo yalivyochanganyika.

1. Nakushukuru kwa kukaa. Najua hukuja kwa ajili yangu. Ulikuja kumhoji Njoo Kesho, na ofisi yake, ambayo sasa ni yangu, inatazamana na karakana yangu. Ulibisha hodi, akakutumia karani wake akwambie uje kesho. Ukaja. Ukaambiwa kesho. Ukaja tena, jua linawaka, kamera begani, uso umekuwa mwekundu kama kitambaa cha mto. Mimi sikuwa na siasa yoyote kichwani. Nilikuwa nimechukua fomu ya kugombea kwa hasira tu, kwa sababu Njoo Kesho alikuja kupima kiti, akaniambia mbele ya wateja kwamba nikigombea hata mke wangu hatanipa kura. Fomu niliijaza, nikaisahau. Basi nilipokuona umesimama juani nilikusukumia kochi nje ukae, kama ambavyo ningemsukumia mtu yeyote mwenye miguu.

Ulipokaa tu, mtaa ukatazama. Wakaona kamera, wakaona Sponji, wakajumlisha. Kabla jua halijafika utosini, habari ilikuwa imeshafika sokoni kwamba umevuka bahari kunifuata mimi. Nilikanusha, dada yangu. Nilikanusha mpaka sauti ikanikauka. Watu wakasema, mnamwona alivyo mnyenyekevu? Sasa lalamiko langu ni hili: ungevumilia kidogo tu ukasimama kama wasimamavyo wengine, leo nisingekuwa na kesi. Mashtaka yanasema kochi lilikuwa "jukwaa la kampeni lililofunikwa kwa kitambaa cha maua". Kitambaa hakikuwa cha maua, kilikuwa cha miraba, na hilo nitalipigania mpaka tone la mwisho.

2. Nakushukuru kwa kile kidude cheusi cha kunasia sauti, kidogo kama harage, ulichonibandika shatini siku ya mkutano wangu nyuma ya ghala. Wenzangu wote walikuwa na spika ndefu kama makabati. Mimi nilikuwa na leso. Watu walipoona unanibandika kile kidude wakajua ni spika ya kisasa isiyo na waya, na kwa kuwa hawakusikia kitu, wakanyamaza ili wasikie. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini sijawahi kuona kimya kama kile. Mtoto alilia, akatolewa uwanjani kwa heshima zote.

Nilikuwa nimejiandaa na daraja, hospitali na uwanja mdogo wa ndege. Lakini nikwambie jambo ambalo hata wanasiasa wakubwa hawalijui: uongo unahitaji kelele. Kwenye kimya kile, daraja liligoma kutoka. Nikabaki na nilichonacho. Nikasema maji yanaingia nyumbani kwa shangazi yangu kila mvua. Nikasema mtaro umeziba tangu Njoo Kesho angali na nywele. Nikasema mkinichagua tutauchimba wenyewe, na mimi nikiwemo. Kisha nikakaa. Wazee walisema hotuba yenye busara namna ile hawajaisikia miaka mingi. Asante sana. Ila uelewe kwamba sasa nachimba kweli, na mgongo huu ulizoea kuinamia viti, haukuzoea kuinamia ardhi.

3. Nakushukuru kwa lile swali. Wewe ulidhani ni swali tu. Ulinizungusha mtaa mzima, na kila tuliyekutana naye ulimuuliza, mimi nikiwa nimesimama pale pale, kwa Kiswahili chako cha kitabuni kilichonyooka kama rula: samahani bwana, samahani bibi, je, utampigia kura fundi huyu? Hebu niambie, hivi kwenu watu hulijibu vipi swali la namna hiyo? Huku kwetu mtu hamwaibishi wa kwake mbele ya mgeni. Tunaweza kutukanana mpaka bati likatetemeka, lakini mgeni akipiga hodi tunageuka ndugu wa ziwa moja. Ungewauliza kama mimi ni rubani wangesema ndiyo, tena anarusha vizuri, hana papara.

Muuza mkaa, ambaye alikuwa hanisemeshi tangu stuli yangu ilipomwangusha mbele ya wakwe zake, alikwambia kwamba hana mgombea mwingine duniani. Nilipomfuata kumshukuru akasema amesema kwa ajili ya mgeni, na stuli hajaisahau. Na shangazi! Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, na ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, aliitazama kamera, akajitengeneza kilemba, akasema huyu ni mtoto wa kaka yake, amemlea kwa mikono hii hii, hana baya, na kura atampa yeye na ukoo mzima, walio hai na waliotangulia. Ulipotoa mguu tu mlangoni akanigeukia, akaniambia nisizoee.

Mimi nilijua ni adabu tu, lakini nilirudi karakana nikashindwa kupiga nyundo. Nilikaa na pini mdomoni nikicheka peke yangu kama mwehu. Hana baya! Mimi! Basi hapo napo pana lalamiko, kwa kuwa wakili wa Njoo Kesho amewaandika hao waliotangulia kwenye mashtaka, ukurasa wa pili, kama ushahidi kwamba nilipigiwa kura na marehemu.

Ubaya wa neno lililosemwa mbele ya mgeni ni kwamba halimezeki tena. Siku ya kura ilipofika watu walikuwa wameshajifunga wenyewe. Wangempa Njoo Kesho, halafu wewe ungerudi ukauliza, wangekutazama kwa macho gani? Mtu mmoja tu hakufuata adabu, naye ni mke wangu. Ulipomuuliza kama atampa kura mumewe, alifikiri. Alifikiri mpaka ile taa nyekundu ya kamera yako ikaanza kupepesa. Kisha akasema ataangalia. Mpaka leo nikimuuliza kama alinipa au hakunipa, ananijibu kwamba kura ni siri.

4. Nakushukuru kwa yale maneno yako kwa Njoo Kesho. Hapa nikikumbuka naweka kalamu chini nicheke kwanza.

Haya, nimerudi. Njoo Kesho alipoona mtaa mzima unakufuata, alishuka ngazi za ofisi mbio, suti ya arusi mwilini, tai mkononi, anahema, yuko tayari kuhojiwa. Wewe ulikuwa unafunga vitu vyako. Ukamtazama kwa heshima, ukainamisha kichwa kidogo, ukamwambia: samahani sana mzee, betri imekwisha, tafadhali njoo kesho. Yallah! Najua hukuwa na nia mbaya, betri ilikwisha kweli, niliiona. Lakini kata nzima iliwahi kuambiwa maneno yale, mmoja mmoja, kwenye ngazi zile zile, na siku hiyo wakayaona yanarudi kwa mwenyewe. Muuza mkaa ilibidi akae chini pale barabarani. Wanawake wa foleni ya maji walipiga vigelegele bila kuambizana. Uchaguzi uliishia pale, haya mengine yalikuwa makaratasi. Lalamiko: sentensi hiyo yako ndiyo ya kwanza katika mashtaka, nayo imepigiwa mstari.

5. Nakushukuru kwa kusimama kwenye geti la shule siku ya kura, ingawa ulisimama kwa ajili ya picha tu. Watu walikuwa wakipiga kura na kuja kwako moja kwa moja kuripoti. Nimeshampa, bibi. Na mimi nimeshampa, na mume wangu anakuja, anamalizia kunyoa. Msimamizi akakuomba usogee mbali na kituo. Ukasogea, kwa utii wako. Foleni ikakufuata. Akakuomba usogee tena, foleni ikasogea tena, mpaka ikawa inatazama barabara kuu na kukipa mgongo kituo cha kura, na ilibidi polisi waje waigeuze. Hilo nalo limo, ukurasa wa tatu, pamoja na mchoro.

6. Nakushukuru zaidi ya yote kwa neno lako la kuagana. Ulinipa mkono pale karakana, ukanipa na kikadi chako, ukasema utarudi kuuona huo mtaro. Najua wageni husema hivyo wakiwa mlangoni, kama sisi tunavyosema karibu tena huku tumeshamshikisha mtu begi lake. Adabu ni adabu kokote. Lakini mimi nililibeba neno lile lilivyo, nikalitangaza: mgeni anarudi, anakuja kuona mtaro.

Basi hapo ndipo kata ilipoamka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi ni mgeni aliyetupa majembe, akapanda gari akaenda zake. Hakuna anayechimba kwa ajili ya Sponji, nisijidanganye. Wanachimba kwa sababu utakuja na kamera yako, utauliza vizuri kwa kile Kiswahili chako, je, mtaro uko wapi, na hakuna mwenye uso wa kukuonyesha takataka. Tumeutoa pale madukani, tukaupitisha nyuma ya ghala, tumefika kwenye kona ya mashine ya kusaga. Kutoka pale ni mteremko mfupi tu hadi kwa shangazi. Yeye huweka kiti mlangoni na kutusimamia. Nimemsihi ahamie kwangu mpaka mvua zipite, akaniambia yeye hahami nyumba yake kwa sababu ya maji, maji ndiyo yahame.

Hapa sifanyi mzaha. Mvua iliyopita nilifika kwake nikamkuta amekaa juu ya meza, miguu ameikunja, kuku kampakata, viatu vyake vinaelea kuelekea jikoni. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekula. Nililia, dada, nikasingizia mvua. Sasa tangu kesi ifunguliwe watu wameanza kuegemea majembe. Wanasema kama Sponji anaondoka, mtaro amalizie Njoo Kesho, na sote tunajua Njoo Kesho ataumalizia lini. Ndiyo maana nakitaka kiti hiki. Mshahara wake sijauona bado, na kiti chenyewe ni kibovu, mimi ndiye ninayejua.

7. Sasa ombi. Baada ya kukushukuru kwa moyo wangu wote, naomba umwandikie mheshimiwa hakimu ukieleza kwamba hayo niliyoyataja kuanzia namba moja hadi namba sita hayakutokea. Ili nisikupe kazi, nimekupangia maneno. Andika kwamba ulikuja kumtafuta Njoo Kesho na si mimi. Hilo ni kweli, kwa hiyo litangulie, litalainisha njia. Andika kwamba ulikaa kwenye kochi kwa sababu ya uchovu wala si kwa sababu ya siasa. Andika kwamba uliponitazama uliona wazi kuwa nitashindwa vibaya. Hapa usinionee haya, tumia maneno makali, nimeshayazoea nyumbani.

Yakionekana hayatoshi, andika kwamba hunifahamu. Nayo yasipotosha, andika kwamba hukuwahi kufika huku kabisa. Wakikuuliza yule aliyeonekana na kamera alikuwa nani, sema ni mtu mwingine aliyefanana nawe, na kochi nalo lilikuwa jingine lililofanana na lile, la miraba. Mimi niko tayari kusimama kizimbani na kuapa kwamba hujawahi kukanyaga kata hii, mradi uje mwenyewe unithibitishie.

8. Katika safari hiyo ya kuja kuthibitisha kwamba hukuja, nakuomba upitie kwenye mtaro na kamera, hata kama haina betri. Isimame tu pale kwenye kona ya mashine ya kusaga, majembe yatajichimbia yenyewe. Pia niletee ile picha yetu tunayocheka wote wawili, uiandike kwa mkono wako, "Kwa rafiki yangu Mheshimiwa Diwani, kwa kumbukumbu ya ushindi wetu". Nitaitundika juu ya meza yangu, upande wanaokaa wageni, kuna msumari tayari.

Sina mengi ya kukuchosha. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa na wadogo, na majirani, na bosi wako aliyekutuma, umwambie alimtuma mtu. Muuza mkaa anakusalimu. Wanawake wa foleni ya maji wanakusalimu, wanauliza kama betri imepona. Shangazi anakusalimu, anasema ukija usilete zawadi, ulete mdomo wako tu uulize tena lile swali, yupo tayari. Mke wangu anakusalimu, anasema bado anaangalia.

Barua hii itapigwa muhuri na karani wangu. Ndiye yule yule aliyekuwa akitumwa kukwambia uje kesho, mama wa watu. Ananiambia kwamba miaka yote ya Njoo Kesho hakuna barua iliyowahi kutoka ofisini, wino wa muhuri ulikauka ukawa jiwe. Tangu nimeingia amekuwa kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Barua ikimalizika tu anaipiga muhuri, anaitolea nakala za wote wanaohusika, na anaipeleka mwenyewe kwa miguu, kwa sababu anasema barua isiyo na nakala ni umbea. Sikutaka kumvunja moyo.

Nabaki mimi, niliye diwani kwa sababu yako na bila msaada wako wowote,

Fundi Sponji,
Mheshimiwa Diwani.

Nakala kwa:
Mahakama, masjala ya kesi za uchaguzi
Mlalamikaji, diwani mstaafu Njoo Kesho
Ubao wa matangazo

TANBIHI

Dada yangu, nimemwaga mchele penye kuku wengi.

Nilipotia sahihi nilitoka kwenda kunywa maji. Niliporudi karani hayupo na barua haipo. Amerudi sasa hivi, jasho linamtiririka, uso unang'aa kama bibi arusi. Nakala zimefika zote. Mahakamani wameipokea na kumsainia. Njoo Kesho amekabidhiwa yake mkononi. Ya ubaoni imegandishwa kwa gundi, pembe zote nne, na watu wameshaanza kuisoma kwa sauti. Iliyobaki ni hii moja tu, yako, ambayo ndiyo barua yenyewe. Karani anasema haina anwani.

Nikamwambia anwani iko kwenye kikadi. Halafu nikakumbuka. Kochi lile lilikuwa linayumba mguu mmoja, na fundi akiona kochi linayumba hawezi kula wala kulala. Ulipoondoka tu nilikikunja kikadi chako mara nne, nikakipigilia chini ya mguu, likatulia vizuri sana. Sasa kochi liko stoo ya mahakama kama ushahidi, na wewe uko chini yake.

Basi nikaenda mtaroni kama mtu anayekwenda kuzikwa. Nilijua kesi imekwisha, kiti kimekwenda, nikasema angalau nichimbe leo, nisogee hata kidogo kuelekea kwa shangazi. Nikamkuta Njoo Kesho.

Alikuwa ndani ya mtaro. Buti mpya za mpira, jembe jipya, nakala yake imetokeza kwenye mfuko wa shati. Nikidhani amekuja kunicheka, nikamwamkia. Kumbe ameisoma barua mpaka namba sita, pale niliposema mgeni anarudi na kamera kuuona mtaro, na hapo hapo akaacha kusoma akaenda dukani kununua buti. Aliniuliza kamera itasimama upande gani. Nikamwonyesha kona ya mashine ya kusaga. Akahamia upande huo. Akasema kesi ataifuta, mtu hawezi kuwa mahakamani na mtaroni kwa wakati mmoja, na yeye hataki mgeni aje mara ya pili amkose.

Watu walipomwona Njoo Kesho anachimba, tena leo, wale waliokuwa wameegemea majembe walisimama wima. Muuza mkaa alirukia ndani na koleo lake. Shangazi alisogeza kiti karibu ili aone vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimemsikia akisema, mgeni hayupo, kamera haipo, kwamba mtoto wa kaka yake si haba.

Kwa hiyo ombi langu la hapo juu nalifuta, lote. Usiandike kwamba hukunisaidia. Usiandike chochote, kwa yeyote, hasa kwamba huji. Najua barua hii haitakufikia, lakini muhuri umeshapigwa na lazima niimalize kwa adabu.

Nilikuwa nimeinama kuchukua jembe langu Njoo Kesho aliponiuliza, mbele ya watu wote, kama mgeni amesema anafika lini. Majembe yakasimama. Muuza mkaa akanitazama. Shangazi akanitazama kutoka kitini, na juu yake wingu limeshakuwa jeusi. Nisamehe, dada yangu, jibu nilikuta liko mdomoni tayari, sikulitafuta.

Nikawaambia, kesho. Wote wakainama, wakaendelea kuchimba.